Seli Elfu Nne za Félicité

Lubunga, Kisangani
Tarehe 14 Januari 2024

Mwanangu Tania,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya, ingawa zitakufikia mwaka wenyewe ukiwa umeshaanza kuzeeka. Sisi hatujambo kwa kiasi chetu. Mama yenu Nicole anakusalimu. Goti lake linamuuma kila mvua ikinyesha, na mvua haijakatika tangu Noeli. Bibi yako huko Yanonge bado anagombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua afya yake ni nzuri. Hapa kwenye kituo cha afya wametutengenezea paa upande mmoja. Upande wa pili tunaendelea kuweka mabeseni.

Utasema: tonton, barua ya nini na simu unayo? Nyumba yetu unaijua, kuta ni mbao, na mdogo wako Félicité ana masikio. Kila nikikueleza habari za kifafa chake kwenye simu, yeye anajifanya anaosha sahani. Sipendi binti wa miaka kumi na sita amsikie baba yake akitaja idadi ya mara alizoanguka. Basi simu ibaki ya kusalimiana, na mambo yenyewe tuyaweke kwenye karatasi. Henri, mtoto wa dada yake mama Nicole, anakuja huko Ubelgiji kila baada ya miezi miwili mitatu kununua vipuri, naye amekubali kuwa posta yetu. Anasafiri anapopata, usihesabu siku.

Nakala ya daftari uliloomba ni hii, kurasa ishirini na saba, nimezinakili kwa mkono. Kila alipoanguka nimeandika tarehe, saa, dakika ngapi, alikuwa amekula au hakula, alikuwa amelala vizuri au la. Safu ya mwisho ni ya dawa: kidonge kizima kila jioni. Utaona kwamba mwaka wa 2022 alikaa miezi minane bila kuanguka hata mara moja. Tangu Novemba iliyopita ameanza tena, mara nne, mara tano kwa mwezi. Dawa ya serikali haijaletwa tangu Oktoba, lakini ya Félicité naitafuta mwenyewe mjini, ng'ambo ya mto, usiwe na wasiwasi.

Sasa niambie, msomi wetu, utafanya nini na maanguko ya mdogo wako? Baba yako, ndugu yangu, Mungu amrehemu, aliniachia wewe ukiwa na miaka saba, na hakunionya kwamba siku moja utanidai daftari kama inspekta wa afya.

Tonton wako,
Évariste


Namur
Tarehe 25 Februari 2024

Tonton mpendwa,

Shikamoo, na salamu kwa mama Nicole na goti lake. Mimi ni mzima. Baridi imenichosha, lakini Jumapili iliyopita familia moja ya Isangi inayokaa hapa ilinialika, wakapika lituma, ndizi za kupondwa za kwetu, na samaki wa moshi. Nilikula mpaka nikaona aibu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimewakumbuka nyote kupita kiasi.

Umeniuliza nitafanya nini na daftari. Hapa maabara tunatengeneza seli za ubongo. Si za nyama, ni hesabu tupu ndani ya kompyuta. Fikiria soko asubuhi. Mama anayeuza hasikii soko zima, anawasikia majirani zake tu. Majirani wa kutosha wakipaza sauti, naye anapaza. Akishapaza, anapumzika kidogo kabla ya kurudia. Seli ni hivyo. Moja peke yake haijui kitu. Ukiziunganisha maelfu, makelele yao yanaanza kupokezana kwa mpangilio, na mkuu wetu, bwana Hugues, anaamini kwamba katika kupokezana huko ndiko fikra inakoanzia. Anasema tukielewa kupokezana huko tutajenga akili bandia inayofikiri kama mtu, si hizi zinazomeza maneno ya watu na kuyatapika.

Kifafa, tonton, ni soko zima kupaza sauti kwa pamoja bila yeyote kumsikiliza mwenzake. Hiyo ndiyo sehemu yangu ya kazi. Nimechukua seli elfu nne, nimezipa umri wa Félicité, usingizi wake na saa zake za kula. Dawa pia nazipa kila jioni kama ulivyoandika, kidonge kizima. Nikiziwezesha kuanguka kama anavyoanguka yeye, nitaweza kutafuta mapema kitakachomzuia asianguke. Kwa sasa zinanikatalia. Hazianguki mara nyingi kama yeye. Labda nimezifanya ngumu mno.

Daktari mmoja mwema amenisaidia kupata dawa. Henri anakuletea vichupa sita. Ni vya Félicité peke yake, tonton. Naomba uniwie radhi kwa kulirudia neno hilo: peke yake.

Binti yako,
Tania


Lubunga
Tarehe 31 Machi 2024, Pasaka

Mwanangu Tania,

Bwana amefufuka, na sisi tumevuka mto kwenda kusali mjini kwa sababu padri wetu ana malaria. Mtumbwi ulijaa, mama Nicole akakaa juu ya chikwange za muhogo za mtu na ugomvi wake ukatufikisha hadi mlangoni mwa kanisa. Bibi ametuma samaki kutoka Yanonge na ujumbe kwamba uolewe. Nimefikisha.

Barua yako imeibiwa na kusomwa. Mwizi ni Félicité, na hana majuto. Alinijia kituoni na karatasi mkononi, akasema: "Papa, umuulize Ya Tania, ile ubongo ya machine inaweza kufanya examen d'État pa fasi yangu? Kama iko na akili, isome." Nikamwambia mtihani wa serikali haufanywi na seli elfu nne, hata kuku ana zaidi. Akakunja karatasi, akasema: "Alors umuulize tena. Miye mbele ya kuanguka ninasikiaka harufu ya mawese inaungua. Ile seli yake inasikiaka nini?" Nakuletea swali kama lilivyo.

Na mimi ninalo langu, la muuguzi mzee. Hizo seli zikianguka, zinaumia? Usicheke. Mtu akishakaa miaka kumi na tisa na wanaoanguka, anauliza.

Hapa kituoni nina watoto kumi na mmoja wenye kifafa kwenye rejista, na Félicité ni wa kumi na mbili. Wengi ni wa familia zilizohamia kutoka vijiji vya kwenye maporomoko, upande wa Banalia, ambako nzi wa mtoni wanauma watu na watoto wanaugua. Kuna mama mmoja, Fortunée, binti yake Benie ana miaka minane na mkono wake wa kushoto umeungua kwa sababu aliangukia jikoni. Amehamishia makazi yake uani kwangu. Novemba, dawa ya serikali ilipokuwa imekwisha, alisema mbele ya watu: "Papa infirmier, mutoto wako anaenda masomo, wa kwangu anaanguka mu moto. Ni nini unapatiaka wako, unatunyima siye?" Nikamjibu, mimi muuguzi wao, kwamba dawa itakuja. Akanitazama tu. Na wewe unajua huku kwetu mtazamo wa namna ile unaishia kwenye neno gani. Nyumba ambayo mtoto wake peke yake ni mzima wakati watoto wa majirani wanaanguka, watu hawaiiti nyumba yenye bahati.

Dawa yako imefika, asante sana, Mungu akuzidishie. Félicité anakunywa kizima kila jioni. Mwezi huu ameanguka mara tisa. Naambatanisha kurasa mpya.

Tonton wako,
Évariste


Namur
Tarehe 5 Mei 2024

Tonton mpendwa,

Shikamoo. Natumaini padri amepona na mama Nicole amesamehewa chikwange. Mwambie bibi kwamba mchumba nitamtafuta nikimaliza kuandika tasnifu, na kwamba akiendelea kunisukuma nitamletea Mbelgiji asiyekula samaki.

Mjibu Félicité hivi: seli zangu hazisikii harufu. Zinajua tu kama jirani amepaza sauti au amenyamaza. Nimejaribu kutafuta, kabla hazijaanguka, kama kuna kundi dogo linalotangulia, na lipo. Seli mia mbili hivi zinaanza zenyewe, kisha nyingine zinafuata. Labda hizo mia mbili ndizo harufu ya mawese kwake. Na wewe nakujibu kwamba haziumii. Hakuna mtu ndani yake wa kuumia. Bwana Hugues siku hizi anazifundisha seli nyingine kukumbuka. Anazionyesha nyuso, anazichanganya, na juma lililopita zilitambua uso mmoja zilioonyeshwa siku tatu kabla. Watu wa kampuni walikuja kutazama, wakapiga makofi. Mimi kazi yangu ya kifafa naifanya jioni.

Nimeandika mwanzo wa aya hii mara nne. Seli zangu, nikizipa kidonge kizima kama daftari linavyosema, zinaanguka mara moja kwa mwezi, au hazianguki kabisa. Nimezibadilishia kila nilichoweza kubadilisha, usingizi, chakula, umri, hakuna tofauti. Nikizipa nusu, zinaanguka mara nne tano miezi ya kwanza, na mara tisa Machi. Zinalingana na kurasa zako karibu siku kwa siku. Bila shaka ni bahati ya namba, na kosa liko kwangu, nami nitaendelea kulitafuta. Labda pia vidonge vya huko vina nguvu ndogo, au joto limeviharibu. Ukiweza, vitazame. Daftari lako linasema kizima na mimi naliamini daftari lako.

Mbusu mdogo wangu. Mwambie asiende peke yake popote penye moto au maji.

Binti yako,
Tania


Namur
Tarehe 7 Julai 2024

Tonton,

Shikamoo. Ni miezi miwili sijapata jibu, na simu yako inaita bila kupokelewa. Nilimpata mama Nicole mara moja. Aliniambia mtandao ni mbaya, na Félicité yuko Yanonge kwa bibi, amekwenda kupumzika. Nikaomba namba ya bibi, simu ikakatika. Sauti ya mama Nicole ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

Barua hii naipa mtu mwingine anayeshukia Kinshasa, sijui itafikaje kwenu. Niandikie hata mistari miwili. Kama umekasirishwa na barua yangu ya Mei, nipige kwa maneno, lakini usinyamaze.

Tania


Lubunga
Tarehe 8 Septemba 2024

Mwanangu Tania,

Nimemwagiza Henri asikupe barua hii kabla hujaketi, na asiondoke hata ukimfukuza. Desturi yetu unaijua, mtu aliye peke yake ugenini haambiwi msiba kwa simu. Hutafutwa kwanza wa kumshika. Kwa hiyo usimkasirikie mama Nicole, alisema nilichomtuma kusema. Félicité yuko Yanonge kweli. Tulimzika huko, karibu na babu yako.

Ilikuwa Jumatano tarehe 12 Juni, saa tatu asubuhi. Alikwenda mtoni kufua sare, kesho yake alikuwa na mtihani wa hesabu. Hakuwa peke yake, walikuwepo wanawake sita. Alianguka kifudifudi mahali ambapo maji hayafiki magotini. Wewe umekulia hapa, unajua wanavyoamini kuhusu povu, kwamba ukimgusa anayeanguka ugonjwa unakuhamia. Miaka yote hii nimewafundisha kwamba si kweli, na wote wamenijibu ndiyo papa infirmier. Watano walisimama kwenye mchanga wakiita watu. Wa sita, mama Fortunée, alikuwa mbali kidogo upande wa juu. Aliposikia alikimbia akaingia majini na nguo zake zote, akamtoa. Alikuwa amechelewa.

Barua yako ya Mei Henri aliileta siku ya nne ya matanga. Niliifungua mbele ya watu nikidhani ni maneno ya kawaida tu. Nilipofika pale uliposema ni bahati ya namba na kosa liko kwako, nilitoka nje na sikuweza kurudi kukaa na wageni.

Kosa halikuwa lako, na vidonge havikuharibika. Félicité alikuwa anakunywa nusu. Tangu Novemba. Nusu ya pili ilikuwa ya Benie. Na vidonge vya vile vichupa vyako sita nilivikata vyote, nusu kwa kila mtoto, watoto kumi na wawili, mpaka vikaisha. Ulirudia neno peke yake na mimi nililisoma mara mbili kama ulivyoandika. Kisha nikachukua wembe nikaanza kukata.

Nataka uelewe na sitaki unihurumie. Ni kweli niliogopa neno lile, mchawi, ambalo watu wangenipa. Mtu akishaitwa hivyo huku, hakuna mtoto atakayeletwa tena kwenye kituo chake, na nyumba yenyewe inaweza kuchomwa. Lakini si hofu tu. Ningewezaje kumeza mate wakati namfungia mlango Benie na mkono wake ule, ili wangu apone? Nilifikiri nusu itawashikilia wote mpaka serikali ilete. Mimi muuguzi, nilijua nusu haishikilii mtu. Nilijua, na nikaandika kizima kwenye daftari kila jioni, kwa sababu sikutaka uone. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha dawa, na kifo kimeniumbua vilevile.

Félicité alijua. Aliniona nikikata. Alisema, "Papa, iko bien, Benie ni mudogo kuliko miye." Nikampa maji.

Sasa nina ombi moja, na hakuna mwingine duniani ninayeweza kumwomba. Una seli zile elfu nne, umezipa kila kitu chake. Ziulize. Kama angekunywa kizima tangu Novemba, siku ile ya tarehe 12 Juni angeanguka? Padri ananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mama Nicole hanisemeshi. Wewe una mahali pa kuuliza. Nijibu ndiyo au hapana.

Évariste


Namur
Tarehe 20 Oktoba 2024

Tonton yangu,

Henri alinikalisha, na hakuondoka kwa siku mbili. Alipika, akaosha vyombo, akawapigia maabara akawaambia ninaumwa. Sijui nitamlipa kwa nini. Leo ndiyo siku ya kwanza ninaweza kushika kalamu. Nampa pole mama Nicole, nampa pole bibi, nakupa pole wewe, tonton. Nimelia mpaka macho yamevimba. Nilimfundisha kusuka nywele za mwanasesere na sikuwepo kumsuka yeye kwa mara ya mwisho.

Umekiri kwangu, na mimi nina la kukiri. Nilijua tangu Aprili. Nilipozipa seli nusu ya dawa na kurasa zikalingana siku kwa siku, nilijua pale pale kwamba kidonge kilikuwa kinakatwa, na nilijua ni nani angekikata na kwa nini, kwa sababu umenilea. Lakini mtoto hamwambii aliyemlea kwamba ameandika uongo. Nikatafuta maneno ya adabu. Nikasema ni bahati ya namba, nikasema joto, nikasema kosa ni langu, nikampa Henri barua na kungoja aondoke atakapopata nafasi. Ningeweza kupiga simu siku ile ile na kuuliza kwa neno moja. Félicité angesikia kupitia ukutani, na iwe hivyo, angesikia akiwa hai. Heshima yangu ilimchelewesha mama Fortunée zaidi kuliko ule umbali wa mchanga.

Na lingine. Kazi ya kifafa maabara ilifungwa Machi. Bwana Hugues alisema kampuni inataka akili, haitaki ugonjwa. Sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa unanakili kurasa kwa mkono kwa ajili ya kazi ambayo haipo tena. Niliendelea nayo peke yangu jioni. Seli zile zinazotambua nyuso, ambazo watu walizipigia makofi, zilianzia kwenye elfu nne za Félicité. Niliponya nakala yake kwanza kwa kuipa kizima, kisha Hugues akaichukua kuifundisha. Sasa zimekuwa milioni mbili, na wanasema zinaanza kufikiri. Hakuna hata mmoja wao anayejua zilianzia kwenye daftari la kituo cha afya cha Lubunga. Elfu nne za mwanzo, zenye ugonjwa wake, ziko kwenye kompyuta yangu ninapoandika haya.

Umeniuliza ndiyo au hapana. Kwanza nikuambie kama mtu wa kazi hii: seli zangu si Félicité. Hazikuwa na mtihani wa hesabu, hazikuwa na jua la saa tatu, hazikuinama juu ya beseni. Hakuna hesabu inayoweza kuapa juu ya siku moja ya mtu mmoja. Hilo ni kweli na ningeliandika hivyo hata kwa mgeni.

Lakini nimeziuliza kama ulivyoniomba. Nilizipa kizima kuanzia Novemba mpaka Juni, nikarudia mara mia moja, na jibu ninalo. Sitaliandika. Nina tiketi ya tarehe 18 Desemba. Nitavuka mto, nitakaa mbele yako, na ukiniuliza tena uso kwa uso nitakujibu.

Mwanao,
Tania


Lubunga
Tarehe 24 Novemba 2024

Mwanangu Tania,

Salamu kutoka kwa wote. Mama Nicole ameanza kunisemesha, kwa sasa ni mambo ya chumvi na kuni tu, nami napokea. Bibi ametuma mtu kusafisha kaburi na kupanda maua ambayo mbuzi wameshayala. Henri amefika salama na barua yako.

Usijisumbue kunijibu uso kwa uso. Mwenye habari njema hasubiri ndege. Nimeelewa, na nimelibeba tangu siku nilipofungua bahasha, na kama unavyoona bado nashika kalamu. Nakushukuru kwamba hukunidanganya. Ungenidanganya ningejua, nami sasa ni mtaalamu wa uongo wa kuandikwa.

Kuhusu adabu yako, sikiliza. Ungenipigia simu Aprili na kuniuliza kwa neno moja, ningekuapia kwamba anakunywa kizima. Ningeapa kwa jina la baba yako. Kwa hiyo mzigo huo uutue, si wako. Mimi ndiye niliyekulea kwa adabu ya namna hiyo.

Dawa ya serikali ililetwa tarehe 2 Oktoba, makasha mawili. Watoto kumi na mmoja wanakunywa kizima, na Benie hajaanguka kwa majuma sita. Mama yake anamleta mwenyewe kila jioni, anasimama mlangoni, haingii. Hatujazungumza habari ya mtoni. Juzi aliniwekea samaki kwenye dirisha akaenda zake. Watu hawaniiti jina lolote baya. Wananiita mtu mwema, na kila wakilisema natamani wangeniita lile lingine.

Njoo Desemba. Utakula, utalala, utatupigia kelele. Tutakwenda Yanonge pamoja na sitakuuliza kitu.

Zile milioni mbili bwana Hugues azifundishe anavyotaka, zitambue nyuso, zifikiri, sina ugomvi nazo. Ila hizo elfu nne ulizobaki nazo, ambazo bado zina ugonjwa wa mwanangu. Umeniambia haziumii na hakuna mtu ndani yake, na mimi nakuamini, nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa na najua namba ni nini na mtoto ni nini. Hata hivyo, Tania, kila jioni zipe kizima.

Tonton wako,
Évariste